Vitu Vitano Vinatosha: Hotuba kwa Wasafiri Waendao Makumbusho ya Sanaa

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Ahsanteni kwa mwaliko. Wengi wenu mna safari mbele yenu, kwa hiyo sitapoteza muda kueleza kwa nini sanaa ni nzuri. Nitazungumzia kazi yenyewe: una siku mbili au tatu katika mji mgeni, kuna jumba la makumbusho ya sanaa ambalo huenda hutalitia mguu tena maishani, sasa uliingie vipi ili utoke na kitu kichwani?

Tuanze na hesabu. Louvre ya Paris ina kazi zipatazo 35,000 kumbini. Ukisimama nusu dakika mbele ya kila moja, bila kula wala kulala, utamaliza siku kumi na mbili, mchana na usiku. Na hiyo nusu dakika si ya kubuni. Mwaka 2001 watafiti wawili, Jeffrey Smith na Lisa Smith, walichapisha vipimo walivyochukua katika Metropolitan Museum of Art, New York. Mtu mmoja mbele ya kazi moja mashuhuri alitumia wastani wa sekunde 27, na nusu ya watazamaji hawakuvuka sekunde 17. Sekunde 17 zinatosha kuhakikisha kwamba kitu unachokijua kwa picha kipo kweli. Kukiona ni jambo jingine.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua wako watakaoupinga: chagua vitu vitano, vitazame sawasawa, vilivyobaki vipite. Kila ushauri utakaofuata umejengwa juu ya hapo.

Kuchagua kunaanzia nyumbani, na kosa la kwanza hutokea hapo hapo: mtu hufunga safari kwenda jumba lisilo lenyewe. Ule usiku wa Van Gogh wenye nyota zinazozunguka hauko kwenye jumba lake la Amsterdam, uko MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la New York. Yule msichana wa Vermeer mwenye hereni ya lulu yuko Uholanzi, ndiyo, lakini yuko Mauritshuis mjini The Hague. Mjini Madrid watu huingia Prado wakiulizia Guernica ya Picasso, kumbe iko Reina Sofía. Tafuta jina la kazi kwenye tovuti rasmi ya jumba lenyewe, katika orodha ya mkusanyiko wao, uone kama wameandika kwamba ipo ukumbini hivi sasa. Makumbusho huazimana kazi, huzipeleka kwa mafundi wa ukarabati, na hufunga vyumba kwa uhaba wa walinzi. Louvre hutangaza kabisa ratiba ya vyumba vitakavyofungwa siku hadi siku. Dakika tano za kuisoma zitakuokoa na safari ya kutazama mlango.

Siku za kufungwa nazo zina mtego wake. Louvre hufungwa Jumanne. Musée d'Orsay, upande wa pili wa mto, hufungwa Jumatatu. Matokeo yake ni kwamba Jumatatu Louvre hubeba wageni wake na wa jirani yake, na Jumanne mzigo huhamia Orsay. Mwenye uhuru wa kuchagua azikwepe siku hizo mbili. Uffizi ya Florence hupumzika Jumatatu, Reina Sofía Jumanne. Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi, ambapo kuingia ni bure na foleni hujua hivyo. Tahadharini na neno bure. Prado hufungua mlango bila malipo saa mbili za mwisho wa siku, lakini watu hupanga foleni mapema, na utakayepata nafasi ya kuingia utakuta saa zako mbili zimeshapunguzwa. Kwa mtu mwenye kazi mbili tu za kutazama, inafaa sana. Kwa mwenye orodha ndefu, anunue tiketi.

Tiketi zenyewe siku hizi ni za saa maalumu. Galleria Borghese ya Roma huuza vipindi vya saa mbili, na kipindi kikiisha unatolewa. Karamu ya Mwisho ya Leonardo mjini Milan, iliyochorwa ukutani mwa chumba cha kulia cha watawa, huonwa kwa dakika 15 na kikundi kidogo, na tiketi zake huisha wiki nyingi kabla. Jumba la Van Gogh la Amsterdam huuza tiketi kwa mtandao tu, kwa hiyo anayefika mlangoni mikono mitupu atasomewa anwani ya tovuti. Nunua kwa jumba lenyewe. Ukitafuta kwa haraka, matokeo ya juu kabisa mara nyingi ni matangazo ya wauzaji wa kati, wenye tovuti zilizovaa sura ya ile rasmi na bei iliyopandishwa.

Saa ipi? Dakika ya kwanza baada ya kufunguliwa, au jioni siku ambazo jumba hufunga usiku. Louvre huchelewa kufunga Jumatano na Ijumaa, Orsay Alhamisi, National Gallery ya London Ijumaa. Vikundi vya mabasi ya watalii huwa vimeondoka. Kumbukeni tu kwamba saa ya kufunga iliyoandikwa siyo saa ya kutoka chumbani. Walinzi huanza kusukuma watu taratibu robo saa au nusu saa kabla, na mlango wa kuingilia huwa umeshafungwa kitambo.

Sasa tumefika mlangoni. Usije na sanduku la safari ukitoka uwanja wa ndege. Louvre hairuhusu mzigo unaozidi sentimita 55 kwa 35 kwa 20, na majumba mengi yana sheria ya namna hiyo. Begi la mgongoni litawekwa sehemu ya kuhifadhia mizigo au utaambiwa ulivae kifuani, na sababu ni ya maana: mwenye begi hajui mgongo wake unaishia wapi, akigeuka anagonga fremu. Chukua sweta nyepesi, kwa kuwa kumbi hupozwa kwa ajili ya mbao na turubai, wewe hukufikiriwa. Ukipenda kuchora au kuandika, beba penseli. Kalamu ya wino hukatazwa sehemu nyingi.

Ukishaingia, usianze chumba namba moja. Hili nalisisitiza. Nguvu za macho na miguu ziko juu saa ya kwanza, na watu wengi huimalizia kwenye vyumba vya mwanzo kwa sababu tu viko mwanzo. Shika ramani, weka alama kwenye vitu vyako vitano, nenda moja kwa moja kwenye kile unachokitaka kuliko vyote, kisha rudi nyuma kuelekea mlangoni. Njiani kitu kitakuvuta ambacho hukukipanga. Simama. Katika vitano, kimoja kiache wazi kwa ajili ya ajali kama hiyo.

Uchovu wa makumbusho si uvivu. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman wa makumbusho ya Boston aliandika juu yake, akiwa na picha za mtu anayeinama, kuchuchumaa na kujipinda ili aone vitu na kusoma maandishi yaliyowekwa vibaya. Kutembea kwa kusimamasimama huchosha kuliko mwendo wa kawaida, na akili nayo huchoka kuchagua. Dalili ni rahisi kuitambua: unasoma maelezo ya ukutani hadi mwisho, halafu hukumbuki yalisemaje. Ukifika hapo, dakika nyingine kumi za kujilazimisha hazitakupa chochote. Kaa kwenye benchi, kunywa maji nje ya ukumbi, na uliza kama tiketi inaruhusu kutoka na kurudi. Saa moja na nusu hadi mbili kwa mkupuo mmoja ndiyo kipimo changu. Wanandoa na marafiki nawashauri watengane mlangoni na wapange mahali pa kukutana. Mwendo wa watu wawili kumbini haulingani hata siku moja.

Sasa kutazama kwenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Nichukue mchoro mmoja, Mabalozi, wa Hans Holbein, ulioko National Gallery, London. Aliuchora mwaka 1533 kwenye mbao za mwaloni, na una zaidi kidogo ya mita mbili kila upande. Simama kwanza mbali, mita tatu au nne, usisome chochote. Unaona wanaume wawili wenye mavazi ya fahari, wameegemea rafu ya ngazi mbili iliyojaa vitu, na sakafuni mbele yao kuna kitu kirefu cha kijivu kilicholala mshazari, kama doa ambalo halina maelezo. Kaa na swali hilo. Kisha sogea. Kwenye ngazi ya juu kuna tufe la anga na vyombo vya kupimia jua na saa. Ngazi ya chini ina tufe la dunia, kitabu cha hesabu, kitabu cha nyimbo za kanisani, na ala ya muziki ya nyuzi. Hesabu nyuzi zake taratibu: mmoja umekatika. Tafuta umri wa watu hawa, kwa sababu mchoraji ameuandika. Wa mtu wa kushoto, Jean de Dinteville, uko kwenye ala ya jambia lake: miaka 29. Wa mwenzake, Georges de Selve, uko ukingoni mwa kitabu alichoegemeza kiwiko: miaka 25. Wamekuwa vijana ghafla, sivyo? Inua macho kona ya juu kushoto, pale pazia la kijani linapoishia. Nyuma yake, nusu imefichwa, kuna sanamu ndogo ya Kristo msalabani.

Baada ya hapo tembea hadi upande wa kulia wa mchoro, usogee karibu na ukuta, na ulitazame lile doa la kijivu kwa mshazari. Linajikunja na kuwa fuvu la kichwa cha mtu, limekaa sawasawa, na wakati huohuo mabalozi wenyewe wanapotoka na kupoteza umbo. Mahali pamoja hapakuonyeshi vyote viwili. Picha ya kwenye simu haiwezi kukupa jambo hili vizuri, kwa kuwa linahitaji mwili wako utembee. Na mtu wa sekunde 17 ameshaondoka, yuko chumba cha tatu.

Hatua hizo zinafanya kazi kwa mchoro wowote. Kwanza mbali, uone mwanga unatoka wapi na jicho lako linaangukia wapi. Halafu karibu, nusu mita ikiwa kamba inaruhusu, uone mkono wa mchoraji ulivyokwenda. Halafu ubavuni. Ubavuni ndiko unakoona unene wa rangi. Ule mchoro wa Rembrandt uitwao Bibi Harusi Myahudi, ulioko Rijksmuseum mjini Amsterdam, una mkono wa vazi la mwanamume ambao kwa mbali ni kitambaa cha dhahabu, lakini ukiutazama kwa pembeni ni rangi iliyorundikwa na kukwanguliwa kama lipu ya ukuta. Kama kuna mng'ao wa taa juu ya vanishi au kioo, usikasirike wala usirudi nyuma. Sogea hatua moja kushoto au kulia, ukihitaji piga goti kidogo, mng'ao utahama.

Sanamu izungukeni. Apollo na Daphne ya Bernini, mungu wa Kigiriki akimkimbiza msichana, iliyoko Borghese, ilikamilika mwaka 1625, na kwa kila hatua unayopiga msichana anazidi kugeuka mti: upande mmoja unaona nywele, upande wa pili gome limeshapanda kiunoni, vidole vya mikono vimechipua majani membamba kiasi kwamba mwanga unapenya kwenye marumaru. Anayesimama mbele na kupiga picha moja amekiona kisa nusu.

Vyumba vyenye giza visiwaudhi. Michoro ya karatasi huwekewa mwanga wa takriban luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), wakati rangi za mafuta huvumilia karibu luksi 200, kwa sababu mwanga hula karatasi na rangi nyepesi, na kilichopotea hakirudi. Ngoja dakika tatu nne macho yazoee. Sababu hiyohiyo ndiyo inayofanya jumba la Munch mjini Oslo liwe na namna tatu za Mayowe, kazi mashuhuri ya Munch, lakini liwe linaonyesha moja tu kwa wakati, na kuzibadilisha kwa zamu. Anayetaka toleo la rangi akute la chapa hana sababu ya kugombana na mtu. Akazunguke kwingine, arudi baadaye. Toleo mashuhuri la rangi la mwaka 1893 liko jumba jingine, Nasjonalmuseet, mji huohuo.

Mwanga umeshafanya uharibifu wake hata kwa Van Gogh. Chumba chake cha kulala alikichora mara tatu, na matoleo hayo yako Amsterdam, Chicago na Paris. Kuta unazoziona za buluu alizipaka rangi ya zambarau. Wekundu uliokuwa ndani ya rangi hiyo umefifia. Kwa msafiri wa mara kwa mara hapa pana mchezo mzuri: chagua mchoraji au kazi moja yenye matoleo mengi, uifuate mji hadi mji. Jumba la pili halitakuwa geni tena, maana utakuwa na kitu cha kulinganisha.

Kibandiko cha ukutani kisome baada ya kutazama, kamwe usianze nacho. Ukianza na maandishi, macho huenda kuthibitisha tu yale yaliyoandikwa. Lakini ukishatazama, kisome chote, hadi mstari wa mwisho ambao watu huuruka. Jina la msanii pekee maana yake wataalamu wanakubaliana ni mkono wake. Ikiandikwa ya karakana yake, ilitoka kwenye chumba chake cha kazi lakini wasaidizi walishika brashi. Ikiandikwa inadhaniwa kuwa yake, kuna shaka. Ikiandikwa kufuata fulani, ni nakala ya kazi yake. Chini kabisa kuna namba ya usajili, ambayo kwa majumba mengi huanza na mwaka kitu kilipoingia, na mstari wa kueleza kiliingiaje: kwa kununuliwa, kwa zawadi, kwa urithi. Hapo ndipo historia ya jumba lenyewe inapojitokeza. Mbele ya bamba za shaba za Benin katika British Museum, mstari huo unahitaji kusomwa pamoja na mwaka 1897, wakati majeshi ya Uingereza yalipouteka mji wa Benin, ulioko Nigeria ya leo, na kulipora kasri la Oba, mfalme wake. Bamba zile zilipigiliwa kwenye nguzo za kasri hilo. Hazikutengenezwa kuwa pambo la kutazamwa moja moja, na ukizitazama ukikumbuka nguzo, unaanza kuelewa kwa nini kuna nyingi na kwa nini sura zinajirudia.

Kuhusu mwongozo wa sauti nina maneno machache: ni mzuri kwa kazi tatu, ni sumu kwa thelathini. Usikilize ukiwa umeshatazama dakika mbili kwa macho yako.

Picha? Zima flashi kabla ya kuingia, kwa sababu simu nyingi huiwasha zenyewe gizani. Vijiti vya selfi viacheni hotelini. Prado hairuhusu kupiga picha kabisa, na watu wakishaacha kulalamika hutulia. Panaporuhusiwa, piga picha ya kibandiko mara tu baada ya picha ya kazi, la sivyo nyumbani utakuwa na picha arobaini za watu usiowajua majina. Mona Lisa isiwatie hamaki. Ina sentimita 77 kwa 53, iko nyuma ya kioo, na umati uko mbele yake daima. Geukeni tu. Ukuta wa mkabala una Harusi ya Kana ya Veronese, karibu mita 7 kwa 10, mchoro mkubwa kuliko yote Louvre, na watu wengi wameupa mgongo.

Jambo jingine ambalo wasafiri hulisahau: kazi kubwa nyingi haziko makumbusho. Mjini Roma, kanisa la San Luigi dei Francesi lina michoro mitatu ya Caravaggio juu ya Mtakatifu Mathayo, na hakuna tiketi. Beba sarafu, kwa kuwa taa ya pale huwashwa kwa kutumbukiza sarafu na huzima baada ya muda mfupi. Ile ya kuitwa kwa Mathayo iko ukuta wa kushoto, na mwanga uliochorwa ndani yake unatoka kulia, upande uleule lilipo dirisha juu ya altare. Mchoraji alijua utasimama wapi. Nendeni nje ya saa za ibada, na mabega yafunikwe.

Ukitoka, kaa mahali ndani ya saa ya kwanza na uandike mistari miwili kwa kila kitu kati ya vile vitano: ulichokiona kwa jicho, si ulichokisoma. Usiku, ingiza namba ya usajili kwenye tovuti ya jumba. Rijksmuseum na Metropolitan hutoa picha kubwa bila malipo, unaweza kuikuza hadi nyufa za rangi, na mara nyingi utagundua kitu ulichokipita. Kama tiketi yako ya kesho bado ina nafasi, rudi ukakitazame.

Muda wangu umekwisha. Naona mikono imeshaanza kuinuka. Tuanze na mama pale nyuma.